Simu ya Babu Haikuwa na Mdomo

Chini ya kitanda changu hapa Chikongola, Mtwara, kuna maboksi mawili ya vijitabu ambavyo sina hamu ya kuvitazama. Jaladani kuna picha ya mwanamume wa kanzu anayekata pori kwa miguu, kichwani amejitwika simu, ile ya mezani ya kuzungusha namba kwa kidole. Picha ni nzuri, kijana aliyeichora ni fundi kweli. Ila jambo lenyewe halikutokea.

Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Siku hizi kila ukoo una mtu mmoja aliyepewa kazi ya kukusanya habari za wazee, na wengi wetu tunaishia kushika kipande cha gazeti la zamani na kukisoma kana kwamba kimeandikwa wiki iliyopita. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, miaka kumi na tisa sasa. Kama ni kuteleza, nimeteleza mahali ambapo nalipwa mshahara kuwaambia wengine wasiteleze.

Asili yetu ni Lindi, upande wa Mchinga. Bibi zetu na babu zetu walihamia Mtwara enzi bandari inajengwa, ile iliyofunguliwa mwaka 1954. Aliyebaki Lindi mpaka kufa kwake ni babu mzaa babu, ambaye nyumbani hatumwiti kwa jina lake. Tunamwita Babu Simu. Tumekua tukiambiwa kwamba alikuwa mtu wa simu, na kwamba aliwahi kwenda kwa miguu siku tatu, njia ya Kilwa, kuifuata simu. Tulipokuwa wadogo tulimuuliza bibi hiyo simu ilikuwa na uzito gani. Bibi alijibu, "Kwani nilikuwepo?" na kuendelea kumenya ming'oko yake.

Mwaka juzi mjomba akaamua ukoo ufanye hitima kubwa ya wazee wetu wote, na kila nyumba iondoke na kijitabu cha habari zao. Kwetu mjomba akishasema, mnatafuta namna ya kutekeleza, hamtafuti namna ya kukataa. Kazi ikaniangukia mimi, kwa hoja kwamba "mwalimu anajua kuandika".

Nilianzia kwenye sanduku la marehemu bibi. Ndani ya msahafu mkuukuu, katikati ya kurasa, kulikuwa na kipande cha gazeti kisichozidi kiganja changu. Kimegeuka rangi ya chai ya rangi, pembe moja imeliwa na mende, na aliyekikata hakuona haja ya kubakiza jina la gazeti wala tarehe. Lakini jina la Babu Simu lilikuwamo. Nilikaa chini, sakafuni, nikakisoma mara nne.

Kwa maneno yangu, habari ilikuwa hii. Stima iliyongojewa Lindi ilichelewa. Ikaja simu kutoka Dar es Salaam. Babu akaipeleka bomani kwa Bwana P.C., yaani mkuu wa jimbo, kisha ikasomewa watu barazani. Siku chache baadaye, mvua zikiwa nyingi, simu ikakatika kati ya Lindi na Kilwa. Babu na watu wawili wakaifuata siku tatu, wakaikuta karibu na mto Mbwemkuru imelala chini, wakaifunga, wakarudi. Mwandishi akamaliza kwa kuwasifu kwa kazi njema.

Sasa nionyesheni neno gumu hapo. Hakuna. Na mimi sikuliona. Nikajenga hadithi yangu palepale sakafuni: Lindi ilipata simu, babu akawa wa kwanza kuizungumza, ikaharibika, akaenda kufuata nyingine huko njia ya Kilwa, akaikuta imewekwa chini, akaifunga vizuri kwa kamba, akaibeba kichwani. Kila kitu kilikubaliana na masimulizi ya bibi. Hata lile "akaipeleka bomani" niliona sawa tu, kwamba aliibeba simu yenyewe kumpelekea Bwana P.C. aongee. Nilipofika pa "ikasomewa watu" nilisita kidogo. Nikasema moyoni, basi, Kiswahili cha zamani kilikuwa na mambo yake. Sentensi hiyo ilinigharimu pesa, maana palepale ndipo nilipotakiwa kusimama.

Badala yake nguvu zangu zote nilizielekeza kwenye kutafuta gazeti gani na mwaka gani. Nilipanda basi kwenda Dar, nikalala kwa binamu Mbagala, na kwa siku nne nikawa nashinda maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye sehemu yao ya vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo nilizungushwa na ofisi moja ambayo siitaji, kila meza ikinipeleka meza nyingine, siku nzima ikaenda. Ushauri wangu hapa ni mdogo: beba barua ya utambulisho na kitambulisho, halafu uliza kwanza kwa simu kama gazeti unalolitaka lipo na linaruhusiwa kusomwa. Mimi sikuuliza.

Nilisoma zaidi Mambo Leo, lile la kila mwezi lililotolewa na serikali ya Waingereza Dar es Salaam kuanzia mwaka 1923, kwa sababu lilikuwa likipokea habari ndogondogo kutoka miji mbalimbali, zikiandikwa na watu wa hukohuko. Kipande changu sikukipata. Lakini nilijifunza kukikadiria umri. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya tangazo la vitambaa, bei kwa shilingi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1921, kabla yake tungeona rupia. Tena mbele anatajwa P.C., na majimbo yenye wakuu wa namna hiyo ni mambo ya Gavana Cameron aliyefika mwaka 1925. Kwa hiyo habari yetu ni ya baada ya hapo. Kumbe upande wa nyuma, ambao aliyekata wala hakuujali, ulikuwa na faida kama wa mbele. Ukipiga picha kipande cha gazeti piga pande zote mbili, na kama gazeti ni zima piga ukurasa wote, usikate habari yako peke yake kama huyo mzee wetu alivyofanya.

Kinachonichekesha sasa, na siku zile hakikunichekesha, ni daftari langu la safari hiyo. Nimeandika humo maneno yote yaliyonishangaza. Tarishi. Merikebu. Na stima, ambayo niliwekea alama tatu, nikaandika pembeni kwamba mwalimu mwenzangu aliyesoma Mombasa angedhani Lindi ilikatika umeme, kumbe ni meli ya moshi. Yaani nilikuwa nimeshajua kwamba neno linaweza kuhama nyumba. Nilikuwa nimelikamata moja mkononi. Lakini simu? Simu ilikuwa mezani kwangu, inachaji. Neno usilolijua unalisimamisha na kulihoji, hili unalolitumia mara hamsini kwa siku linapita getini bila kukaguliwa kwa kuwa unaifahamu sura yake.

Safari ile, nauli na chakula, ilinila karibu shilingi laki moja na themanini elfu. Nikarudi, nikaandika kurasa 24, kijana akachora jalada kwa elfu arobaini, tukachapa nakala 150 kwa laki nne na ishirini. Pesa za mchango wa ukoo. Nataja ili mwone kwamba sikukosea bure.

Hitima ikafika. Baada ya dua na pilau, vijitabu vikagawiwa. Watu wakafurahi, watoto wakagombania kutazama picha. Mjomba akanisimamisha nipigiwe makofi. Nilikuwa bado nimesimama, nimeshika kitenge changu kwa aibu ya sifa, mzee mmoja wa Mikindani, rafiki wa familia, mstaafu wa posta, akaniita kwa mkono.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu kaa. Hii simu ya kichwani umeipata wapi?"

Nikamwambia kuna gazeti, nina ushahidi. Nikatoa picha ya kile kipande kwenye simu yangu ya mkononi, nikamsomea kwa sauti ya darasani. Nilipofika "imelala chini" mzee alianza kutikisika mabega. Nilipofika "wakaifunga" alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Mwalimu," akasema, "simu yako ikikatika leo unafanya nini?"

"Napiga tena, babu."

"Ee. Huyu alichukua koleo na watu wawili, akaenda Mbwemkuru."

Nadhani nilikaa kimya muda mrefu. Yeye akaendelea taratibu, kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma. Simu, akaniambia, zamani ni waya. Waya ule wa nguzo, uliopita pwani tangu Wajerumani, ukateremka mpaka Lindi na Mikindani. Na maneno yaliyopita ndani ya waya, yakaandikwa kwenye karatasi, hayo nayo ni simu. Ukisikia simu imekuja, imepelekwa, imesomwa, hiyo ni karatasi. Ukisikia simu imekatika, imelala, imefungwa, huo ni waya. "Hiki cha kuongelea," akanyooshea kidole picha ya jalada, "kilikuja baadaye, kikarithi jina. Sisi kazini tukisema simu ya mdomo, na ile nyingine simu ya maandishi. Babu yako simu yake haikuwa na mdomo."

Kwa hiyo katika kile kipande cha kiganja neno lilikuwa limetumika kwa maana mbili tofauti, mwandishi akahama kutoka moja kwenda nyingine bila kuonya, kwa sababu msomaji wake hakuhitaji kuonywa. Na mimi nikaleta maana ya tatu, ambayo haikuwamo kabisa.

Nilimwuliza kwa nini basi tunasema kupiga simu, kama si kuongea. Akavua pete yake, akaigonga kwenye sahani ya chai: fupi, ndefu, fupi fupi. Nukta na vistari. Aliingia kazini kijana mdogo, akafundishwa kugonga kabla hajapewa mashine. Aligonga herufi za jina langu, nami sikuelewa hata moja, lakini niliona vidole vyake havikusita. Sisemi kitenzi kimetoka kwenye kugonga huko, maana Kiswahili hupiga kila kitu: picha, pasi, chapa, hodi. Ila mtu anayetazama mkono ule hashangai neno lilivyokaa.

Akanieleza na mambo ya gharama, na hapa ningependa kukaa kidogo kwa kuwa ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu lugha ya habari zile. Simu ya maandishi ililipiwa kwa neno. Mtu anafika dirishani na barua nzima kichwani, anaondoka ameacha maneno matano. Salamu zinakatwa. "Na" inakatwa. Kinabaki "Mama mahututi njoo." Mzee anasema Kiswahili kilikuwa na nafuu, kwani "atatuletea" hulipiwa neno moja, wakati Mwingereza anahitaji kamba ndefu kusema hayohayo. Wazee wengine walikuja dirishani na sentensi yao imeshabanwa nyumbani, ikabaki kitenzi tu. Habari kutoka Ulaya zilifika kwenye magazeti kwa njia hiyohiyo ya waya, fupi, kavu, na mhariri ndiye aliyezivisha nguo. Ndiyo maana ukisoma gazeti la enzi zile habari ya jirani ni ndefu ina mbuzi na mvua, ya vita vya mbali ina mistari miwili.

Usiku ule sikulala vizuri. Aibu ya mwalimu ni nzito, kwa sababu wanafunzi wangu watatu walikuwamo kwenye hitima na wote walisikia kicheko. Asubuhi nilifanya nililotakiwa kulifanya kwanza, nikatafuta kamusi za wakati ule. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903 inalieleza neno simu kuwa ni telegrafu, na ujumbe unaopelekwa kwa telegrafu, na kwamba asili yake ni Kiajemi, sim, yaani waya. Mia moja na ishirini ya miaka neno hilo lilikuwa limeandikwa wazi pale, na pengine nililipita nikiwa maktaba nikitafuta maana ya tarishi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya hiyo ya Madan, ndiyo inayofaa zaidi kwa magazeti ya enzi za Waingereza. Mimi nilikuwa nimebeba Kamusi ya Kiswahili Sanifu tu, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1981. Ni kamusi njema, naitumia kila siku, lakini nilikuwa naomba mtoto anielezee ujana wa babu yake.

Tangu hapo nina tabia moja. Nikikuta neno la kawaida kwenye habari ya zamani silitazami lenyewe, natazama linafanya nini. Vitenzi havifichi. Simu ya kuongelea haisomwi barazani. Haipelekwi bomani na tarishi ikapewa risiti. Haifungwi. Ningefuata vitenzi vitatu tu vya kile kipande, stima ingekuwa imebaki kichekesho pekee cha safari yangu. Nafanya vivyo hivyo sasa na gari, maana kuna gari la moshi na gari la kukokotwa. Na ndege, ambayo watu walipoiona mara ya kwanza hawakutafuta neno jipya, walitazama juu wakatumia lile lililokuwa linaruka tayari. Na shauri, ambalo kwenye habari za mabomani mara nyingi ni kesi, si ushauri wa mama kwa binti.

Lakini msiende upande wa pili mkapitiliza, kama nilivyofanya mwezi uliofuata. Nilianza kumsahihisha kila mtu. Mwenzangu mmoja alileta habari ya miaka ya 1960, enzi za magazeti ya Ngurumo na Uhuru, inayosema mtu fulani alipigiwa simu, nami nikaruka: telegramu hiyo! Haikuwa. Sentensi iliyofuata ilisema aliitambua sauti. Kufikia miaka hiyo neno lilikuwa limeshahama, au lilikuwa na nyumba mbili, na neno telegramu lilikuwa limeanza kubeba mzigo wa ile ya maandishi. Tarehe kwanza, kisha vitenzi, ndipo kamusi. Na kabla ya kiwanda cha uchapaji, tafuta mtu aliyeifanya kazi ile kwa mikono yake. Ofisi ilikuwa ikiitwa Posta na Simu mpaka walipoachana mwaka 1994, na wastaafu wake bado wako barazani Mikindani, Lindi, Masasi, wanacheza bao. Ningempelekea yule mzee kurasa mbili tu kabla ya kuchapa, ningeokoa laki nne na aibu juu. Sikumpelekea kwa sababu nilidhani namhitaji kwa ajili ya kumbukumbu, si kwa ajili ya Kiswahili. Kiswahili nilidhani ninacho mimi.

Mjomba nilimweleza mwenyewe, nyumbani kwake, peke yetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo babu hakuwa wa kwanza kuongea?" Nikamwambia hakuwa wa kuongea kabisa, alikuwa analinda waya na kupeleka karatasi. Akafikiri. Kisha akasema kutembea mpaka Mbwemkuru masika, mto umejaa, na simba wa njia ile, kwa ajili ya waya wa watu wengine, si jambo dogo kuliko kuongea. Hapo nilipata nguvu. Tukakubaliana nisichape upya, pesa hazipo. Nikaandika karatasi ndogo ya masahihisho, mistari kumi na moja, nikaitoa nakala dukani kwa elfu nane, na jioni kadhaa mimi na wanangu tukakaa kuzibandika ukurasa wa tisa.

Nakala 109 nimezibandika. Zilizobaki zilishaondoka na wageni kwenda Nachingwea, Masasi, Mbagala, na kwa kila mmoja nimempigia, simu ya mdomo, kumwomba arudishe kijitabu au anipe anwani nimtumie karatasi. Wengi wamekubali. Shangazi wa Lindi amekataa katakata. Anasema karatasi nitume, ataisoma, lakini cha kwake kisibandikwe chochote, kwa kuwa ameshakiweka kwenye fremu, upande wa jalada.